Abiria wa Nyuma Kushoto

Yoti ya bosi ililalia kushoto. Si sana, kiasi tu cha chai ya Getruda kumwagika mara mbili, naye akaona ni uzembe wa mumewe, Venant, kwenye usukani. Lakini yeye hakuwa amegusa kitu. Upepo ulikufa tangu alfajiri, tanga limenywea, ziwa shwari, na bado chombo kimeinama kwa nyuma kama kitanda alichokalia mtu mzito.

"Mama Mihayo, umehamisha mizigo?"

"Niihamishie wapi? Na hiyo harufu ya petroli na nguo mbichi ni ya nini?"

Venant akajitia kukagua kamba za tanga. Kwenye vijiwe vya Kirumba, Mwanza, hakuna aliyemshinda kwa maneno, ila asubuhi hiyo alijua jambo ambalo hakumwambia mkewe.

Jana jioni, wakiitoa yoti Musoma kuipeleka Mwanza kwa bosi wa Venant, walipita maji ya nyuma ya kisiwa cha Ukara. Getruda alikuwa chini anapika. Venant akamwona mtu amekumbatia dumu, anaita. Kila nahodha anaujua mchezo huo wa majambazi wa ziwani: mmoja anajifanya anazama, ukisimama tu wenzake wanakuzukia na mapanga, wanaondoka na injini, wewe unabaki majini. Akaongeza mwendo. Ila roho ilimuuma. Akavua jaketi lake la kuokolea maisha, akalirusha nyuma, akajiona amefanya utu.

Sasa akamweleza mkewe yote. Getruda aliweka kikombe chini polepole. Alikuwa Mkerewe, binti wa mvuvi.

"Ulimpa nguo ya mwilini mwako?" alinong'ona. "Baba Mihayo, kwetu mvuvi akikuta mtu aliyezama humfunika nguo yake mwenyewe. Akishamfunika, huyo ni mgeni wake mpaka amzike nchi kavu. Hakuna anayetoa nguo halafu akaondoka!"

"Alikuwa hai."

"Na sasa?"

Nyuma kushoto, mahali pasipo na mtu, kitu kikakohoa. Kikohozi kizito, cha mtu aliyejaa maji. Getruda akainua mkono apige ishara ya msalaba na kumwita Mungu, naye akakohoa vilevile, na kilichomtoka kilikuwa maji ya ziwa, ya kijani, yenye dagaa mmoja mdogo.

Venant aliwasha injini. Akaielekeza yoti Mwanza, hospitalini, akakaza mpaka chuma kikalia, lakini chombo kilizunguka palepale. Akajaribu tena, tena, huku analia bila aibu, na kila mkewe alipokohoa maji yalizidi na pumzi ikapungua, na Venant akamwona Mihayo wao kule Butimba kwa bibi yake, akisubiri mama aliyemwahidi kurudi, akaona hakuna njia, akageuza omo ya chombo kurudi kule kule alikomwacha yule mtu, kwenye majambazi, na hapo yoti ikaenda bila kusita, upepo hakuna, tanga limejaa.

Wakakaribia maji ya Ukara. Boti yenye injini mbili ikatokea, wanaume wanne ndani, mapanga juani. Mkubwa wao alikwishashika kamba ya kufungia boti yao kwenye yoti.

"Chukueni kila kitu!" Venant alipiga kelele. "Mniachie mke wangu tu, jamani!"

Lakini yule mtu hakumwangalia. Alikuwa anatazama nyuma kushoto. Kamba ikamwanguka.

"Huyu si tulimtupa juzi?" alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga ukelele, "Geuza! Geuza boti!"

Wakakimbia. Venant hakuthubutu kugeuka kuona walichokiona.

Akaliona jaketi lake la rangi ya chungwa likielea, na aliyelivaa, amekwisha kufa. Alikuwa mvuvi, kijana wa watu, hakuwa mtego wa mtu yeyote. Venant akaruka majini, akamvuta, akampandisha, akamlaza kwenye sitaha. "Nisamehe, ndugu yangu. Nakupeleka nchi kavu."

Yoti ikasimama wima. Getruda akavuta pumzi ndefu, safi, akamshika mumewe mkono.

"Twende nyumbani," alisema.

Venant alicheka na kulia pamoja. Akauendea usukani, na alipoushika yoti ikaanza kuinama tena, safari hii kulia. Halafu na kushoto. Ikazama taratibu kama daladala inayopakia, na harufu ya nguo mbichi ikatanda pote, na kutoka majini, mbele na nyuma, wale wote waliowahi kutupwa kwa ajili ya injini zao wakaanza kuita, kwa upole kabisa, kama watu wanaobisha hodi.

"Nahodha. Na mimi nguo."

"Nahodha, hata mimi."

Getruda akakohoa. Maji yakamtoka puani.

Venant akatazama ziwa, akamtazama mkewe, akaanza kufungua vifungo vya shati lake.