Kinyozi na Chujio la Hewa

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa na kazi moja ya asubuhi ambayo hakumwachia mtu. Kabla mteja wa kwanza hajaketi, alipuliza nywele kwenye mashine zake za kunyolea, akazipiga brashi, kisha akazitia mafuta. Hakuwa bahili katika jambo hilo. Alimimina tu. Yakizidi, aliyafuta kwa taulo.

"Chuma kinapenda mafuta," alizoea kuwaambia wateja.

Na kweli, mashine zake zilidumu miaka, mpaka vinyozi wenzake wakamwonea kijicho.

Nyumbani aliishi na mkewe, aliyeshona sare za shule sebuleni, pamoja na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa amepata kiharusi. Mdomo wake ulipona mapema kuliko kiungo kingine chochote, na kila mtu nyumbani alijua hivyo. Ila mkono wa kulia ulibaki umelegea, na vidole vilijikunja kama vya mtoto aliyeficha peremende.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini aliwaeleza waziwazi.

"Mkija kila Alhamisi bila kukosa, mkono huu una nafasi ya kurudi. Mkianza kukosa, vidole vitakakamaa. Vikikakamaa, kuvifungua tena ni shughuli pevu."

Hospitali ilikuwa juu ya mlima. Barabara yake ilikuwa ya vumbi na mwinuko mkali, na basi liliishia chini. Kwa hiyo walitegemea gari lao. Lilikuwa gari dogo aliloliacha marehemu baba mkwe, gari la umri wa kuamkiwa shikamoo. Kinyozi alilipenda. Aliliosha mwenyewe, na milango yake ilifungika bila kubamizwa.

Tatizo lilikuwa chini ya boneti. Injini huvuta hewa ili iunguze petroli, na hewa hiyo lazima ichujwe vumbi kwanza. Chujio la gari hili lilikaa ndani ya boksi la plastiki. Boksi lilikuwa limepasuka, na kifuniko chake kilifungwa kwa waya. Vumbi lilipita pembeni likaingia ndani. Kinyozi alizunguka maduka yote ya vipuri. Jibu lilikuwa lile lile: boksi la gari hilo halitengenezwi tena.

Mwishowe muuza vipuri mmoja alimwonyesha chujio la namna nyingine. Lilikuwa na umbo kama pia ya kuchezea, jekundu, la kitambaa cha pamba kilichokunjwakunjwa na kushikwa kwa wavu wa chuma. Halikuhitaji boksi.

"Hili unaliosha, unalitumia tena," muuzaji alisema. "Ukilifunga, gari litapaa."

Kinyozi akalileta nyumbani amelikumbatia.

"Mwite Fundi Redio akufungie," mkewe alimwambia.

Fundi Redio alikuwa jirani yao. Alikuwa mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji ya kampuni ya mabasi. Walimwita jina hilo kwa sababu akishika spana huanza kusema, na hanyamazi mpaka kazi iishe.

"Redio nikimwita leo, kesho mtaa mzima utajua nimeshindwa kufunga chujio."

"Kwani umeshindwa?"

"Bado sijaanza."

"Basi mwite ukiwa bado hujashindwa."

Kinyozi alicheka, akachukua bisibisi, akatoka.

Alilitoa boksi bovu. Akalichomeka chujio jipya kwenye mdomo wa bomba la hewa, akakaza kibano chake. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Kisha akaona mpira mwembamba uliotoka kwenye injini na ambao zamani uliingia ndani ya boksi. Sasa haukuwa na pa kuingia. Alikata kipande cha taulo la saluni, akauziba.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya chujio. Maelezo yake yaliandikwa kwa herufi ndogo kama mchanga, na miwani ilikuwa ndani. Kinyozi hakuona haja ya kuifuata. Alifikiri hivi: ikiwa mashine ya kunyolea, ndogo vile, hunywa mafuta kila asubuhi, je, hili kubwa? Akaimimina chupa nzima. Chujio likalowa mpaka likadondosha.

Alipowasha gari, liliunguruma kwa sauti nene. Mama mkwe akachungulia dirishani.

"Mkwe! Umefunga chujio au umefunga simba?"

"Hiyo ndiyo nguvu, mama!"

"Haya baba. Mradi asile abiria."

Siku chache gari lilikwenda vizuri, naye kinyozi akatembea kifua mbele. Alhamisi ikafika. Walipofika katikati ya mlima, gari likashtuka kama mtu aliyepaliwa. Taa ya njano ya injini ikawaka. Likashtuka tena, likakohoa, likazima. Kinyozi aliwasha na kuwasha. Liliwaka, likatetemeka, likafa.

Wapita njia wawili wakasaidia kuligeuza. Likateremka lenyewe mpaka chini, mama mkwe akiwa ameshika mkono wake mgonjwa kwa mkono mzima. Safari hiyo hakutania.

Zoezi la juma hilo likapotea. Mtaalamu alipopigiwa simu alisema, "Juma hili limekwenda. Jitahidini Alhamisi ijayo asikose. Mara ya mwisho niliona vidole vinaanza kuwa vigumu."

Mke aliweka simu chini, akarudi kwenye cherehani. Alishona kola nzima. Kisha akasema, "Kama gari limeshindwa, liondoke. Tutafute njia nyingine."

"Lakini hili ni gari la baba yako."

"Na mkono ni wa mama yangu."

Kinyozi alivaa viatu, akaenda kugonga kwa Fundi Redio.

Fundi alikuja na ovaroli yake na kilemba, sanduku la vifaa mkononi. Alifungua boneti akatazama kimya kwa muda mfupi. Kwa mtu kama yeye, ule ukimya ulikuwa habari mbaya.

"Shemeji," alisema, "hapa ulikuwa unafunga chujio au unakaanga?"

"Kwa nini, fundi?"

"Njoo uone." Aligusa chujio, akamwonyesha kidole kilichong'aa mafuta. "Ulitia kiasi gani?"

"Chupa."

"Kofia ya chupa?"

"Chupa yote."

Fundi Redio alicheka mpaka akashika boneti. Kisha akajifuta macho, na redio ikafunguka.

"Sikiliza. Mashine yako ni chuma kinachosugua chuma. Hiyo umepatia, inataka mafuta. Hili ni pamba. Mafuta yake kazi yake ni kunasa vumbi tu, kama gundi. Yanatakiwa kuwa membamba. Yakizidi, injini inayavuta. Sasa tazama hapa." Alifungua skrubu mbili kwenye bomba la hewa, akatoa kifaa kidogo. Ndani yake mlikuwa na nyaya mbili nyembamba kama unywele. "Hiki kinapima hewa inayoingia. Ndicho kinachoiambia injini ichukue petroli kiasi gani. Umekipaka mafuta, kimepofuka. Kinadanganya, na injini inakiamini. Ulipopanda mlima, ulihitaji hewa nyingi na petroli nyingi. Kikakuambia uongo, ukabaki njiani."

Kinyozi alisogeza uso karibu. Alizifahamu nywele kuliko mtu yeyote pale mtaani, na nyaya zile zilikuwa nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga.

"Kinafutwa kwa nini?" aliuliza, tayari ametoa leso.

"Rudisha leso mfukoni! Hakiguswi kwa kitambaa wala kidole. Kuna dawa yake ya kupuliza." Alipuliza kwa mbali kidogo, upande huu na upande ule, akakiweka juu ya karatasi safi. "Kikauke kabisa. Ukikirudisha kibichi na kuwasha gari, unaweza kukiua."

Kisha akaona kipande cha taulo. Alikivuta kwa vidole viwili.

"Na hii bandeji?"

"Ule mpira haukuwa na pa kwenda."

"Shemeji, hiyo ni pua ya injini. Ndani ya injini hujaa gesi na mvuke wa mafuta. Lazima vitoke. Ukiiziba pua, mafuta yatatafuta upenyo mwingine, yatavuja kila mahali. Nitakuwekea kiungio kwenye bomba, upande wa injini, ng'ambo ya hiki kipimio, ili mvuke usikifikie."

Kinyozi aliinama kutazama. Fundi Redio alifanya kazi huku mdomo ukienda, lakini mikono haikukosea mahali. Spana aliyoihitaji ilikuwa mkononi kabla hajamaliza sentensi. Skrubu aliziweka kwa mpangilio zilivyotoka. Kila kibano alikikaza, akakijaribu kwa kukivuta, kisha akapitisha kidole kuzunguka maungio yote kutafuta upenyo.

"Upenyo mdogo hapa," alisema, "ni sawa na kuwa huna chujio. Vumbi halibishi hodi."

Kinyozi alikuwa amenyoa watu maisha yake yote, na alijua mkono hodari akiuona. Alisahau aibu yake. Alisimama pale akitazama tu, kama wateja wake wanavyomtazama kwenye kioo.

Jambo la mwisho lilikuwa joto. Chujio lilikaa karibu na bomba la moshi, likavuta hewa ya moto. Hewa ya moto huipunguzia injini nguvu. Fundi alikata kipande cha bati, akakunja kingo zake zisikate mtu, akakifunga kama ukuta kati ya chujio na joto. Kisha akapitisha bomba pana kutoka nyuma ya taa ya mbele, ili hewa baridi ifike. Aliliweka juu ya kiwango cha madimbwi, injini isije ikavuta maji.

"Sasa litapaa?" kinyozi aliuliza.

"Nani alikwambia linapaa? Muuzaji? Chujio halimrudishii mzee ujana. Linamsaidia apumue, basi. Tungepata boksi lake la zamani lenye chujio la karatasi, ningekurudishia hilo, kwa vumbi la barabara ile. Halipo, kwa hiyo hili tutalitunza. Liondoe ukalioshe."

Alimfundisha. Kwanza sabuni yake, ikae kidogo. Kisha maji ya kutiririka taratibu kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Pampu ya upepo hapana, hupasua pamba. Jua kali hapana, moto hapana. Walilitundika barazani kivulini. Mama mkwe akalilinda kama nguo ya sherehe.

Kesho yake lilikuwa kavu. Fundi Redio alinunua chupa mpya ya mafuta ya chujio, akamkabidhi kinyozi.

"Mimi tena?" kinyozi alishangaa.

"Wewe. Mstari mmoja mwembamba juu ya kila mkunjo. Usirudie."

Kinyozi alivaa miwani. Aliishika chupa kama anavyoshika wembe anapochonga ukingo wa nywele kwenye paji la uso. Akashusha mstari. Akahamia mkunjo wa pili, wa tatu, mkono hautetemeki, mistari yote sawa. Fundi Redio akanyamaza kabisa.

"Redio imeharibika?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Natazama." Alimgeukia kinyozi. "Shemeji, nimefundisha mafundi wengi kwenye mabasi. Sijaona mtu akipaka hivi mara ya kwanza. Ungekuja gereji mapema, tungekuajiri."

"Na wao wangenyolewa na nani?" kinyozi alijibu, lakini masikio yalimwaka kwa furaha.

Walingoja rangi ya mafuta ienee sawasawa kwenye pamba. Yaliyozidi kidogo chini wakayagusa kwa kitambaa safi yakanyonywa. Kisha wakafunga kila kitu. Fundi akaizima ile taa ya njano kwa kifaa chake cha kusomea hitilafu, gari likawashwa. Liliunguruma kwa utulivu. Wakalipandisha mlimani wawili tu, kwa majaribio, waone kama taa itarudi. Haikurudi.

Alhamisi mama mkwe alikaa mbele, mke nyuma. Mwinuko ulipoanza, kinyozi alikaza macho pale taa ya njano ilipowaka siku ile. Gari halikukimbia. Lilipanda kwa mwendo wake wa kiutu uzima, likapita pale lilipozimia, likaendelea. Walipoingia lango la hospitali, mke aliweka mkono begani mwa mumewe.

Tangu hapo hawakukosa tena. Kila baada ya muda kinyozi hufungua boneti, hukagua vibano, na chujio likichafuka huliosha na kulipaka mafuta, miwani usoni. Majirani wenye magari ya zamani humwita awaonyeshe. Huenda, lakini penye bomba na bati humwita Fundi Redio.

Na mkono? Mtaalamu aliunyoosha juma baada ya juma, kidole kimoja kimoja. Kazi ilikuwa ndefu, nao waliifuata.

Alhamisi moja walifika hospitalini kama kawaida. Kinyozi akashuka, akazunguka upande wa pili amfungulie mama mkwe mlango. Kupitia kioo akamwona anatikisa kichwa. Alisimama.

Mama mkwe aliinua mkono wa kulia kutoka mapajani. Ulikwenda polepole. Vidole vikatambaa kwenye kitasa, vikateleza, vikarudi, vikakishika. Kule nyuma mke wa kinyozi alishika mdomo.

Mlango ukafunguka.

"Haya mkwe, nipishe," mama alisema. "Unanizibia njia, na nimechelewa."