Jiko Baridi la Mama Delphine

Kila asubuhi kabla ya shule Lydie aliwasha jiko la makaa, na kila asubuhi aliliwasha akiwa amenuna. Kuwasha jiko si kazi ngumu. Kilichomuudhi ni yale yaliyofuata. Maharagwe yaliyolowekwa tangu jana yalichemka kidogo tu, kisha mama yake akaipua sufuria, akaifunika, akaitumbukiza ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa matambara na vitenge chakavu, akafunga juu kwa blanketi. Makaa yaliyobaki aliyazima ili yatumike tena. Humo kikapuni maharagwe yaliendelea kuiva kwa joto lake yenyewe mpaka mchana, bila moto wala moshi.

"Kwenu mnalaza maharagwe kama mtoto mchanga!" Jeancy, msichana wa jirani, alimcheka. "Muyaimbie basi yapate usingizi!"

Damu ilimchemka Lydie. Walipokuwa wapangaji hapahapa mtaani Mangobo walipika kama watu wengine. Baba yake, papa Jérémie, fundi cherehani, aliponunua nyumba yao wenyewe, Lydie alidhani sasa watastarehe. Starehe gani! Taa ni moja, maji yaliyoosha mchele yanamwagiwa mboga bustanini, na sasa kikapu hiki cha aibu.

"Sisi ni wenye nyumba gani, mama?" alifoka siku moja. "Akina Jeancy wamepanga tu, lakini wanapika mpaka moshi unafika barabarani!"

"Na wakivujiwa wanamwita mwenye nyumba," mama Delphine alimjibu kwa ukali. "Sisi tutamwita nani? Chumba chako cha nyuma kinavuja. Bati haliji lenyewe, na makaa ndiyo yanayotumaliza. Tukiyapunguza, tutaezeka kabla ya mvua kubwa. Kama hutaki, lala na ndoo kichwani!"

Jumamosi moja mama Delphine alikwenda bombani kuchota maji, akamwacha Lydie peke yake. Ndipo alipoingia tantine Claudine, dada mkubwa wa papa. Alikuwa ametoka Opala. Alisafiri kwa pikipiki tangu jana, akavuka mto kwa mtumbwi, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Mgeni wa namna hiyo haulizwi kama ana njaa, naye hawezi kuomba chakula. Hutupia jicho jikoni tu, akaona moto, akajua anangojewa.

Tantine alitupa jicho. Jiko lilikuwa baridi, limefagiliwa, halina hata kaa moja jekundu.

"Mama yako hajapika?"

Lydie alikitazama kikapu pale nyuma ya mlango. Akikifungua, tantine ataona matambara yote yale, na Opala nzima itasikia kwamba kwa papa Jérémie chakula kinavishwa nguo kuukuu. Uso ulimwaka moto.

"Hajapika, tantine. Hakuna kitu."

Tantine Claudine aliyasukuma pembeni maji ya kunywa aliyopewa, akajitwika mzigo wake, akaondoka bila kuaga.

Mama Delphine ndiyo kwanza alikuwa anatua bidoni lake la maji uani, sauti ya papa Jérémie ikasikika tangu barabarani. Aliingia akitweta, dada yake nyuma yake.

"Delphine! Dada yangu amekuja dukani analia mbele ya wateja! Umezima moto ili asile?"

"Mimi?" Mama Delphine alishangaa. "Nimemzimia nani moto?"

"Usijifanye hujui, wifi!" tantine alimaka. "Tangu mpate nyumba umekuwa na roho ya kutu. Jiko lako limefagiliwa! Bora ungeniambia nirudi nilikotoka!"

"Bon, leo basi!" papa Jérémie alipiga kelele. "Hicho kikapu nakichoma moto. Nilivumilia kuchekwa na majirani, lakini siwezi kuwapoteza ndugu zangu kwa ajili ya makaa!" Alikikokota kikapu hadi katikati ya ua, akaanza kupapasa kiberiti mfukoni.

Mama Delphine aligeuza uso, lakini Lydie aliona machozi yakimlenga. Mama yake, aliyeamka alfajiri kuwapikia, anaitwa mchoyo nyumbani kwake! Lydie alijichukia kuliko alivyowahi kukichukia kikapu.

"Papa, acha!" alilia. "Chakula kimo humo! Tantine aliniuliza, nikamdanganya. Niliona aibu kufungua matambara mbele yake."

Tantine Claudine aliinama, akavuta blanketi, akafunua sufuria. Mvuke ukampiga usoni. Maharagwe yalikuwa yameiva, laini kabisa, na bado ya moto.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Nimemtukana mtu bure." Akamgeukia mama Delphine. "Wifi, nisamehe."

"Nimekusikia, dada. Kaa ule kwanza," mama Delphine alisema, sauti bado nzito. Papa Jérémie alirudisha kiberiti mfukoni, akainamisha kichwa, akamwomba mkewe radhi palepale. Lydie alileta sahani na kwanga, ule mkate wa muhogo. Tantine alikula, akaongezwa, kisha akataka kuonyeshwa jinsi kikapu kinavyopangwa, kwa kuwa hata Opala kuni zinachosha.

Tantine alipokwisha kunawa, mama Delphine alimwita Lydie mbele ya wote.

"Nimekasirika, na sitakuficha. Siku zote unakinunia kikapu, nami nanyamaza. Lakini leo mtu wetu ametoka mbali na njaa yake, chakula kipo, ukamwambia hakuna. Sikiliza, binti yangu. Tunabana matumizi kwa kujinyima sisi wenyewe, tupate kuezeka nyumba. Hatubani ili kumnyima mtu. Anayepunguza makaa hana cha kuonea aibu. Wewe uliionea haya kazi yangu, ukasema uongo, na mimi ndiye niliyetukanwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Kesho utakifungua wewe, mbele ya Jeancy, na utampakulia."

Lydie aliokota blanketi, akalikunja. "Ndiyo, mama," alisema.