Blanketi la Jiko la Jua

Maiti ya mzee Pantaleo ilikutwa kwenye majivu ya banda lake la kupikia, pale Sigino, magoti yamekunjwa kifuani. Kuta za udongo zilisimama. Paa la nyasi lilikuwa limekwisha lote.

Inspekta Herieli, mpelelezi wa Babati mjini, hakuhangaika kutafuta mtuhumiwa. Alijileta mwenyewe: Sosthenes, mtoto wa marehemu.

"Nimechoma mimi, afande."

"Kwa nini?"

"Nilitaka tuezeke bati, mzee akakataa. Alisema bati mchana ni tanuri, usingizi wake ni chini ya nyasi tu. Nikamwambia iko siku nitaliteketeza hilo banda. Majirani wote walisikia."

"Ulitumia nini kuwasha?"

"Kiberiti."

"Ulianzia wapi?"

"Mlangoni."

Herieli akaguna. Mbao za mlango zilikuwa zimeungua juu, chini hazijaguswa. Moto ulianzia upenuni, upande wa magharibi. Huyu kijana alikuwa anadanganya, tena hajui kudanganya! Lakini amekiri kuua, na kitanzi hakiulizi kama uliungama kwa ukweli.

Koplo Anifa akarudi kutoka hospitali na mfuko wa vielelezo.

"Afande, daktari anasema mzee alikuwa amefunikwa blanketi zito. Mabaki yamegandia mwilini. Tena lilikuwa na hizi."

Kulabu nne za waya.

"Sosthenes, hizi ni za nini?"

Kijana akaziangalia, akazisukuma pembeni. "Nimeshakubali, afande. Niandike tu, yaishe."

Herieli akarudi Sigino. Magharibi ya banda, hatua chache tu, palikuwa na jiko la jua: sinia kubwa la mabati yanayong'aa, limetazama juu. Sosthenes ndiye aliyelinunua, mama yake apumzike moshi. Ukingoni lilikuwa na matundu manne. Herieli akapachika kulabu moja, ikaingia sawasawa.

Hapo akaelewa. Ukishaipua sufuria, jiko hilo hufunikwa blanketi jeusi linalomeza mwanga, maana jua linahama na mabati hayajui kupumzika.

Akasubiri. Jua lilipoinama magharibi, sinia likarusha mwanga mashariki, juu ya ukuta, pale pale upenu ulipokuwa. Akashika konzi ya nyasi kavu akaiweka kwenye ule mwanga. Moshi. Kisha moto. Akaitupa na kuikanyaga.

"Mungu wangu!"

"Umeona, baba?" Bernadina, mjane, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nani alilifunua hili jiko?"

"Mimi." Hakuzungukazunguka. "Homa ilimshika baba Sosthenes akiwa amelala. Alitetemeka kama kifaranga kilicholowa. Blanketi zito tulilo nalo ni hilo moja. Nikamfunika, nikakimbilia duka la dawa. Narudi, paa linawaka."

"Na Sosthenes?"

"Alilikuta jiko liko wazi, akajua. Akanishika mkono, akaniambia, mama, usiseme kitu."

Maelezo hayo aliyarudia kituoni, neno kwa neno. Sosthenes akatolewa mahabusu siku hiyo hiyo. Alimkuta mama yake kwenye benchi la mapokezi.

"Mama, twende nyumbani."

"Nenda wewe. Mimi nafungwa. Si ndiyo, afande?"

"Hapana, mama," Herieli akasema. "Hukukusudia. Sina kosa la kukuandikia."

"Nimemuua mume wangu."

"Ulimfunika. Alikuwa anaumwa."

Bernadina akamtazama. "Mtoto wangu alitaka kunibebea, mkamnyang'anya. Na ninyi hamnipi adhabu. Sasa mzigo huu nikautue wapi, baba?"

Herieli alikuwa na funguo za mahabusu mkononi. Kesi aliyopewa alikuwa ameimaliza, na roho ilimuuma kuliko alipoianza. Akazitia funguo mfukoni, akaketi na yule mama kwenye benchi.