Medali ya Kiptum

"Chui amenaswa. Peleka sura Kaptembwo. Kabla ya saa kumi."

Simu ya Kituo ikakatika.

Chui alikuwa Kiptum, jasusi mwenzake Cheruto. Sura ilikuwa medali ya shaba nyeusi, ya zamani kuliko Nakuru yenyewe, yenye uso wa mtawala fulani wa Italia aliyevaa wigi kubwa kuliko la jaji yeyote. Silvestri, mlanguzi wa bunduki, aliipenda kuliko binadamu. Kiptum alikuwa amemwibia na kuificha kwa mama yake, Olenguruone. Sasa Silvestri alitaka kubadilishana: medali kwa Kiptum.

Cheruto aliikanyaga Subaru bila huruma.

Mama Kiptum alimpokea kwa mursik, maziwa ya kibuyu, na furaha tele. Medali ilikuwa mezani, juu ya kitambaa, iking'aa vibaya sana. Mama alikuwa ameisugua kwa majivu na stilwulu. Huku milimani medali ni ya mbio, ingekuwa ya nini tena?

"Huyu kijana alinificha," mama alisema. "Hii ni ya mbio gani?"

Pua ya mtawala ilikuwa imeisha. Ule weusi wa miaka mia tatu, ambao wakusanyaji huulipia mamilioni, ulikuwa umemwagwa pamoja na maji ya karai. Cheruto alitamani kulia.

"Ya Italia, mama. Niazime kidogo."

Kaptembwo. Ghala la vyuma chakavu, Land Cruiser moja, mlinzi mmoja mwenye AK-47. Silvestri aliweka lenzi jichoni.

"Nani ameiua hii?"

"Kiptum yuko wapi?"

Silvestri alionyesha kwa kidevu. Ndani ya gari, sehemu ya nyuma, chini ya turubai, Kiptum alikuwa maiti baridi tangu asubuhi. Safari yote ile ilikuwa ya bure.

Glock ya Cheruto ilitoka kiunoni.

Risasi mbili. Mlinzi alianguka. Silvestri alishika goti lake, medali bado mkononi. Pembeni mwa ghala, chini ya magunia ya viazi vya Kuresoi, zilijaa bunduki.

Cheruto alipiga simu. "Kituo, mzigo umepatikana. Silvestri yuko hai."

"Na Chui?"

"Hayupo."

"Pole. Kazi nzuri."

Cheruto aliichukia sana sentensi hiyo.

Simu ililia. Alikuwa Mama Kiptum. Majirani walikuwa wamefika kusherehekea medali, mbuzi alishachinjwa, na pasta alikuwa anauliza saa ya maombi.

"Mwambie Kiptum akuje ameivaa," mama alisema.

"Tunakuja, mama."

Aliibandua medali kutoka vidole vya Silvestri, akaitia mfukoni, akatembea taratibu hadi kwenye Land Cruiser, akawasha injini.