Klipu ya Mfano

Asubuhi faili la video lilikuwa la dakika arobaini na moja. Saa saba mchana, likiwa ndani ya kadi ileile ya kamera, lilisomeka dakika arobaini na nne. Mtu mwingine angejiuliza. Profesa hakujiuliza, maana mtu aliyejipachika jina la Profesa bila kusimama mbele ya darasa hata siku moja hana mazoea hayo.

"Umeharibu tena," alimwambia mkewe bila kugeuza shingo.

Mkewe ndiye aliyeshika kamera. Kazi ya Profesa ilikuwa kuhariri na kulaumu. Juzi walikodiwa na familia moja iliyotaka binti yao arekodiwe akitolewa jini, ili ndugu walio mbali nao waone. Profesa alicheka mpaka akakohoa, kisha akamtuma mkewe peke yake na agizo moja: mganga akianza maneno yake ya kufungia, zima, usinijazie kadi upuuzi. Mke alitii. Alichomoa betri mganga angali ameinua mkono.

Sasa programu ya kuhariri iligoma kulipokea faili hilo. Profesa alibadilisha waya, akalibadilisha faili jina, akalipitisha kwenye programu ya kugeuza muundo, akaizima kompyuta na kuiwasha, akaitukana na mama yake. Jibu lilikuwa lilelile: faili halijafungwa.

"Mzee alisema," mkewe alinong'ona, "kilichofunguliwa mbele ya kamera kifungwe mbele ya kamera. Tumpigie, mume wangu."

"Tumpigie mganga kwa ajili ya video? Kesho utaniambia tumwite fundi bomba aning'oe jino."

"Sasa ni dakika hamsini. Kamera iko kabatini, haina betri. Nani anarekodi?"

"Hitilafu ya hesabu," alisema Profesa, ingawa shati lilikuwa limeshamganda mgongoni, na chumba kizima kilinuka mkaa uliomwagiwa maji, na humo ndani hapakuwa na jiko wala mkaa.

Alipata programu ya kurekebisha mafaili mabovu. Ilitaka kitu kimoja tu: klipu ya mfano, nzima, iliyopigwa kwa kamera ileile, ili iige umbo lake. Alikuwa nazo chungu nzima. Kulikuwa na klipu ya ukuta, na ya barabara, na ya paa la jirani. Iliyokuwa karibu na kidole chake ilikuwa ya mtoto wao wa miaka sita, akionyesha pengo la jino.

Mkewe alimdaka mkono. "Usimweke mtoto! Nakuomba. Weka ukuta."

"Kompyuta haijui mtoto wala ukuta," alisema, akabofya.

Faili likafunguka. Kikaonekana chumba cha wale wateja, na ndugu waliobanana ukutani, na mganga mkono juu, na katikati ya mkeka, mahali alipopaswa kuwa binti wa watu, alikuwa ameketi mtoto wao wenyewe, amevaa gauni lile alilobadilishwa baada ya chakula cha mchana leo hii, mdomo wazi analia bila sauti, na sebuleni, alikokuwa akimwimbia mwanasesere wake tangu saa ile, wimbo ukakatika katikati ya neno.

Walimkuta ameketi sakafuni, ameelekea ukuta. Harufu ya mkaa ilitoka kinywani mwake.

"Kwa yule binti nilipigana," alisema kwa sauti nzito ya mtu mzima. "Hapa nimekaribishwa. Ahsante, Profesa. Wajinga wa kawaida hunichelewesha, lakini wewe ulifungua mwenyewe."

Mke alikuwa ameshampigia mganga simu. "Babu, faili lilikuwa wazi. Mume wangu ameliwekea sura ya mtoto wetu."

"Kilichoingia chenyewe nakitoa," alisema mganga. "Kilichopewa sura hakiachi mpaka kipewe nyingine. Atafutwe mtu mzima, akae mbele ya kamera hiyohiyo kwa hiari yake, nami nitasoma maneno ya kufungia. Jini atafungiwa humo pamoja na huyo mtu. Mwili utabaki nje, mwenyewe hatarudi. Fanyeni kabla jua halijazama, la sivyo mtoto ndiye atakayebaki humo."

Mke alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa heshima, akimpa nafasi.

"Tusikurupuke," alisema Profesa, akilamba midomo. "Kuna toleo jipya la ile programu. Nikilipakua, dakika kumi tu..."

Kilichokaa ndani ya mtoto kikaangua kicheko.

Mke hakubishana. Alitoa kamera kabatini, akapachika betri, akaiweka mezani, akaketi sakafuni mbele yake na kujifunga kitambaa kichwani vizuri.

"Mtoto anaogopa giza," alimwambia mumewe. "Akikuambia anaogopa, usimcheke."

Alijirekodi nusu dakika. Alihamisha klipu mwenyewe, akaibofya mwenyewe iwe klipu ya mfano, akarudi kuketi sakafuni, huku Profesa amejibanza mlangoni ameshika simu kama mtumishi. Mganga alisoma humo simuni mpaka neno la mwisho. Safari hii hakuna aliyechomoa betri. Harufu ikakatika, dakika zikasimama, na kwenye skrini pakaandikwa: faili limefungwa.

"Mama!" Mtoto alitimua mbio, akamrukia mamaye shingoni.

Mwanamke alimshika mabega, akamsogeza mbali kidogo, akamtazama usoni kwa upole wa mgeni.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Kwenye kompyuta, video iliingia safi, bila kugoma. Mkekani aliketi mke wa Profesa, akimwita mwanawe, akiita tena na tena, na mtoto akageuka kutafuta sauti hiyo inatoka wapi. Profesa alinyoosha mkono, akazima spika.