Simu Isiyo na Salamu

Simu ililia tena. Mke alikuwa amelala ubavu, mjamzito wa miezi minane. Daktari alimwamuru apumzike, maana presha yake ilikuwa juu. Lakini atapumzikaje?

"Joto ishirini na nane. Yamekamuliwa saa kumi na moja alfajiri. Yatafika?" Alikuwa mama mkwe, akipiga kutoka kituo cha kukusanyia maziwa. Hata salamu hakutoa.

Mke alijiinua, akafungua kompyuta, akaingiza namba. "Yatafika, mama." Simu ikakatwa. Kabla hajalala, wifi yake akapiga kutoka kituo cha pili.

Mke alikuwa mchambuzi wa takwimu. Aliandika programu iliyojifunza kutokana na rekodi za zamani za maziwa. Ukiipa joto na saa ya kukamua, inakwambia kama maziwa yatafika kiwandani yakiwa mazima. Kazi safi kabisa. Shida ni kwamba programu ilikaa kwenye kompyuta moja, na kompyuta ilikaa kitandani kwa mgonjwa.

Mume alichoka. "Nitampa kila mtu nakala, tupumue!" Akafanya hivyo bila kuuliza. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia?

Kwa mama mkwe nakala iligoma. Ilitafuta rekodi zilizobaki kwenye kompyuta ya mke. Kwa wifi ilifanya kazi. Aliandika 11, yaani saa kumi na moja alfajiri. Ikamjibu: yatafika. Maziwa yakafika kiwandani yameganda, yakamwagwa yote.

"Programu yako mbovu!" wifi alifoka kwenye simu.

"Mashine ikiona 11 inaelewa saa tano asubuhi!" mke alijibu. "Siku zote mimi ndiye ninayezigeuza saa zenu kichwani! Sasa mnataka nijifungulie kwenye kibodi?" Akaitupa simu kitandani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Jirani, mtengenezaji wa tovuti, alikuwa amekuja kuazima ngazi. Alisikia kila kitu.

"Shemeji," alimwambia mume, "ukienda duka la dawa, unaingia nyuma ya kaunta?"

"Siingii. Nauliza dirishani."

"Wala hubebi duka zima ukaenda nalo nyumbani. Basi programu nayo ipewe dirisha. Wataalamu huliita API. Hesabu inakaa mahali pamoja, kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa, yenye anwani kwenye mtandao. Simu ya mama inatuma joto na saa. Jibu linarudi palepale. Mkirekebisha kosa, mnarekebisha mara moja tu, wote wanapata."

"Niandike upya yote?" mke aliuliza.

"La hasha! Hesabu yako iache. Tunaifunga iwe kitu kimoja: inapokea joto na saa, inarudisha jibu. Rekodi tunazipeleka huko huko. Na hayo unayoyageuza kichwani, tuyaandike. Dirisha haliwezi kusoma kichwa chako."

"Na mama akiandika joto mia mbili?" mume aliuliza.

"Dirisha linakataa, tena linaeleza kwa nini. Lisibahatishe."

Wakaanza kazi. Jirani aliandika, mke akaelekeza akiwa amelala. Dirisha lilifundishwa kuuliza kama ni alfajiri au jioni, na kuzigeuza saa lenyewe. Kisha waliiuliza programu ya zamani na dirisha jipya maswali yaleyale. Majibu yalipolingana yote, ndipo wakavipa vituo anwani. Ngazi ilisahaulika.

Siku iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Mume aliingia chumbani mbio. "Simu imeharibika?"

"Iache," mke alisema kwa usingizi. Vituoni, maswali yalikuwa yanajibiwa bila yeye.

Alasiri simu ililia. Mama mkwe. Mke alifumba macho. "Haya mama, joto ngapi?"

"Joto la nini tena? Nimepiga kukujulia hali. Hujambo, mwanangu? Mjukuu wangu anacheza?"

Mke alilia kidogo, akajifuta kwa kona ya shuka.

"Anacheza, mama," alisema. "Shikamoo."