Sajini Aliyeitikia Mwaliko

Jambo la kwanza lilikuwa blanketi. Ashley alikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuwahi kutandika kitanda bila kugombezwa. Jumatatu hiyo mama yake, Nelima, aliingia chumbani kumwamsha akakuta kitanda kimetandikwa tayari, blanketi limevutwa likabana, pembe zimekunjwa sawasawa. Mtoto alikuwa amesimama kando ya kitanda, amevaa sare ya shule, mikono imenyooka mapajani. Nelima alikuwa na sufuria mbili za maharagwe jikoni, za kupeleka sokoni. Alishukuru Mungu kimoyomoyo akarudi kukoroga uji.

Siku iliyofuata ilikuwa viatu. Viling'aa hata mtu angeweza kujitazama ndani yake. Nyumba nzima ilinuka rangi ya viatu, ilhali mkebe wa rangi ulikuwa umekauka tangu muhula uliopita. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya sufi iliyolowa, kama koti lililofungiwa sandukuni likiwa bado na mvua.

Jumatano jioni Nelima alipakua ugali na sukuma. Ashley alisimama nyuma ya kiti chake, bila kugusa chakula. Kisha aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza, akakaa, akala upesi upesi na kumaliza kabla mama yake hajapoza tonge la kwanza. Alipomvua soksi ili aoge, Nelima aliona visigino vimechubuka hadi kwenye nyama.

"Nani amekufanya hivi?"

"Gwaride, mama."

"La shule?"

"La hapa. Ukienda sokoni." Mtoto alinong'ona, na macho yake hayakuwa kwa mama yake. "Sajini amesema nikishika vizuri, Jumamosi atanichukua twende kwake. Kule hana kuruti hata mmoja."

Nelima alifuata macho ya mtoto mpaka kwenye kochi la pembeni, ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelikalia. Vitambaa vya kochi, ambavyo kila siku hukaa upande, vilikuwa vimenyooshwa vyote. Kimoja tu kilikuwa kimebonyea katikati, na alipokuwa akikitazama kilibonyea zaidi, polepole, kama mtu anayekaa vizuri ili asikilize mazungumzo.

Hapo ndipo Nelima alipojua alimtoa wapi sajini huyo.

Jumamosi iliyopita, wazazi na watoto wa darasa la Ashley walikuwa wametembelea kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, ambako wanajeshi hufungua jumba lao la makumbusho mara moja moja kwa wananchi. Kambi yenyewe ilikuwa kazini. Waliacha vitambulisho langoni na simu kwenye kikapu, wakakatazwa kupiga picha, wakatembea kwa mstari nyuma ya kijana mmoja mpole, Koplo Obonyo. Ng'ambo ya seng'enge vijana walikimbia na bunduki vifuani, na kila watoto waliposogelea mzinga wa zamani uliowekwa kwenye nyasi, risasi za kweli zilisikika kutoka uwanja wa shabaha, wakarudi kwa mama zao.

Ndani ya jumba kulikuwa na redio kubwa kama kabati, nishani, na picha za askari wa zamani waliovaa kaptura na hawana viatu. Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na koti la sufi, peke yake. Obonyo alieleza kwamba lilikuwa la sajini aliyefundisha kuruti gwaride wakati wa wakoloni. Alifia kambini. Jamaa zake walitafutwa, hawakupatikana, na hakuna aliyewahi kuja kumuulizia.

Nelima alikuwa mwakilishi wa wazazi, kwa hiyo mwisho wa ziara Mwalimu Hulda alimwomba atoe neno la shukrani. Kila mtu Eldoret anajua neno la shukrani linavyokwenda: unamshukuru Mungu, unawasifu wenyeji, halafu unafunga kwa kuwaalika nao waje kwako. Obonyo alikuwa ametoka kidogo, ameitwa nje. Nelima hakumngoja, kwa sababu maharagwe yake hayakuwa na mtu wa kuyauza. Alisimama akitazama koti, akasema yale ambayo amesema kwenye harusi na matanga mengi. "Nyote mlio humu ndani mmetutunza vizuri. Siku yoyote mkaribie kwangu, mtaa wa Pioneer, nyuma ya duka la Waiyego. Chai haitakosekana." Wazazi walipiga makofi. Waiyego mwenyewe, jirani yake mwenye duka, aliyekuja na mtoto wake, alicheka akamuuliza anaalika nani, na humo hamna mwenyeji hata mmoja.

Alhamisi Nelima aliita maombi, akaja Mchungaji Wepukhulu na akina mama wawili wa kanisa. Aliposema tuombe, visigino viligongana pembeni ya sebule, buti juu ya saruji, kwa nguvu. Hazikusogea tena maombi yote, mchungaji akikemea huku amefungua jicho moja, na baada ya amina buti zililegea, moja, ya pili. Mchungaji hakukaa kunywa chai. Aliagiza kufunga na kuomba, akaahidi kurudi na watu zaidi.

"Huyo jini ni Mkristo kuliko sisi," Waiyego alisema dukani, akijaribu kutabasamu. Kisha akaegemea kaunta na kushusha sauti. "Mama Ashley, mimi nilikuwa pale. Wewe ndiye ulimwita, mbele ya watu, ukampa na njia. Sasa mchungaji atamfukuzaje mgeni wako? Umempa hata hiyo chai?"

Nelima alimpigia simu mume wake, Wesonga, aliyekuwa akijenga stoo ya mahindi huko Ainabkoi. Wesonga alimwambia angoje Jumapili, aje waongee. Nelima alijibu sawa, akakata simu, na hakungoja, kwa sababu alfajiri ya Jumamosi aliamka kwa baridi, akakuta mlango wa mbele uko wazi na ukungu umeingia hadi kwenye zulia, na nje kwenye njia ya magari Ashley amesimama wima na begi la shule mgongoni, nguo zote zimekunjwa ndani, midomo imekauka, na alipomwita kwa jina mtoto hakugeuka, alipomshika mabega hakumtambua, ila alitazama mbele tu kama anayengoja amri, na karibu na sikio la Nelima, karibu kabisa, mtu ambaye hakuonekana alivuta pumzi ili atoe amri hiyo.

Nelima alimziba mtoto masikio kwa mikono yake miwili.

"Hujanywa chai," alisema. "Kwetu mgeni haondoki hivyo. Ingia ndani."

Pumzi ile ilingoja. Kisha buti ziligeuka kwenye changarawe na kurudi kuelekea mlangoni.

Alimkalisha Ashley jikoni, akachemsha chai ya maziwa, akatia sukari nyingi kama ya wazee, akakata mkate na kupaka siagi. Aliweka kikombe mbele ya kochi lile, akaketi kinyume chake na kukodolea macho mahali ambapo uso ungekuwa, na chai ilianza kupungua, bila kikombe kuinuka, bila sauti ya kumeza, ikishuka kama maji yanavyozama kwenye udongo mkavu, huku harufu ya sufi iliyolowa ikijaa chumba mpaka ikamkaa kooni, na mkate nao ukisinyaa na kuota ukungu wa kijani pale pale kwenye sahani, na yeye hakuinuka na hakuangalia pembeni mpaka kikombe kilipobaki na majani tu.

"Umekunywa," alisema. "Umekaa wiki nzima na hakuna aliyekutukana. Mwaliko ulikuwa wa chai. Haukuwa wa mtoto. Simama, nikusindikize."

Alichukua boda boda ya Ronnie, kijana wa steji ya pale Pioneer, akamkalisha Ashley katikati. Ronnie alilalamika njia yote kwamba pikipiki ni nzito na gurudumu la nyuma linabonyea, akauliza kama mama amebeba saruji. Nelima alimwambia aendeshe.

Langoni askari aliwasimamisha, kidole karibu na bunduki. Makumbusho hayakuwa wazi siku hiyo. Nelima alisema hajaja kutembea, na kwamba hatoki hapo hadi Koplo Obonyo aitwe. Obonyo alikuja akikimbia. Alimtazama Ashley aliyesimama kama mlingoti, akatazama vumbi kando yake, ambako alama za buti zilikuwa mbili bila mwenye buti, na rangi ikamtoka.

"Mama, tafadhali," alinong'ona. "Tangu mlipoondoka tumelala vizuri. Hakuna aliyeamshwa kwa gwaride. Mkuu mwenyewe amefurahi. Nakuomba usiturudishie."

Nelima alimtazama kama anavyomtazama mteja anayerudisha maharagwe yaliyokwisha pikwa.

"Wewe una bunduki, una ukuta, una wanaume mia ngapi humo ndani. Mimi nina mtoto mmoja. Fungua."

"Sina ruhusa."

"Basi nitasema nikiwa hapa hapa."

Akageukia zile alama vumbini. Hakupaza sauti. Alishukuru kwamba mgeni alifika salama. Alishukuru kwa viatu vilivyong'arishwa na kitanda kilichotandikwa. Kisha akafunga, na safari hii alichagua kila neno.

"Mwaliko wangu umeisha. Hakuna wa pili. Sikukaribishi tena kwangu, wala kwa mtoto wangu, wala kwa mtu yeyote wa ukoo wangu. Kama hawa wamekuacha ukutani bila hata chai, gombana na hawa. Mwachie mkono."

Hakuna kilichosogea. Upepo ulileta milio ya risasi kutoka uwanja wa shabaha. Ashley alianza kuyumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama kitu kinachovutwa pande mbili, na Nelima hakumvuta. Alisimama tu, mkono wake umenyooshwa, wazi, akingoja mwenye kuachia aachie.

Kile kizuizi cha chuma cha langoni kilianza kuinuka, bila mtu kukigusa. Askari wa zamu, bila kuamriwa, alibana miguu na kupiga saluti, machozi yakimshuka. Alama za buti zilipita mbele yake moja moja hadi ndani. Ashley aliangukia mkono wa mama yake akasema ana njaa.

Obonyo aliita nyuma yao, akiuliza wao sasa wafanye nini.

"Mpeni kazi," Nelima alisema bila kugeuka. "Ama mpeni chai. Ni wenu."

Walikuwa wamefika kando ya lami Ashley aliposimama na kumvuta gauni.

"Mama. Analia."

Nelima naye alikuwa akisikia. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ikitoka mbali ndani ya kambi, na ilikuwa ikiita jina la mtoto.

"Alie," alisema, akaangalia kushoto na kulia. "Shika mkono tuvuke."